Moto wa mchezo usiunguze mkono wa mtoto

Mama anayemwogesha mtoto mchanga hatumii kipimajoto. Humimina maji moto karaini, akaongeza ya baridi, akayakoroga, kisha akakunja mkono na kuchovya kiwiko. Kiwiko kikiridhika, mtoto huogeshwa. Kiganja hakiaminiki kwa kazi hiyo, kwa maana kiganja cha mama kimezoea kuepua sufuria na kufua nguo, nacho kimesahau mengi ambayo kiwiko bado kinayakumbuka. Sijapata kuona kitabu cha fizikia cha shule zetu kinacholianza somo la halijoto kwa kiwiko cha mama, na naona hiyo ni hasara.

Nimeanza na karai kwa sababu nakusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza liko mbali nalo kabisa, nalo ni jitihada za watengenezaji wa vifaa vya michezo ya tarakilishi kuufikia mkono wa mchezaji, si kwa mtetemo pekee kama ilivyozoeleka, bali kwa joto na baridi pia. Wapo waungwana watakaonung'unika kwamba ukurasa huu ungepewa mambo mazito zaidi ya michezo ya vijana. Nawaomba wastahimili. Suala lililopo hapa ni nani anayeruhusiwa kuigusa ngozi ya mtoto, kwa nguvu kiasi gani, na ni nani aliyeishika swichi.

Likizo moja nilikuwa nyumbani kwa dada yangu, na mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili, akanikabidhi kile kishikio ambacho wao hukiita padi, akanitaka niliendeshe gari la kwenye kioo.

"Mjomba, usikibane hivyo, hakitakimbia," akaniambia.

Nililiendesha kwa muda mfupi, nikagonga ukuta. Kishikio kikatetema mikononi mwangu kwa ghadhabu hata nikakiachilia, kikaanguka zuliani. Kijana alicheka akashika mbavu. Kisha akaniarifu, kwa fahari ya mtu anayetoa habari njema, kwamba huo ulikuwa mwanzo tu. Zinakuja glavu ambazo mchezaji akipita penye moto, ataungua kweli.

"Kweli kweli?" nikauliza.

"Kweli, mjomba. Bila hivyo si ni uongo tu?"

Neno hilo limenikaa moyoni hata sasa, na makala hii ni jibu langu kwake.

Tamaa ya kuwafanya watu waguse kile wanachokiona kwenye kioo si ya juzi wala jana. Mwaka 1962 Mmarekani Morton Heilig alipata hataza ya mtambo aliouita Sensorama. Mtazamaji aliketi, akaingiza uso kwenye kijumba, akaona picha, akasikia sauti, kiti kikatikisika, upepo ukampiga usoni na harufu zikamfikia puani. Mtambo haukupata wanunuzi. Mwaka 1976 kampuni ya Sega ilitoa mchezo wa pikipiki wa kwenye kumbi za burudani ambao usukani wake ulitetema pikipiki ilipogongana na nyingine. Hata hivyo, mwaka uliofungua mlango hasa ni 1997. Katika mwaka huo Nintendo ilileta kijisanduku kilichoitwa Rumble Pak, chenye betri 2 ndogo, kilichochomekwa nyuma ya kishikio, na kabla ya mwaka kwisha Sony ikatoa DualShock, chenye mota 2 ndani yake, moja kubwa na moja ndogo.

Ufundi wake ni mwepesi kiasi cha kumshangaza mwanafunzi. Chukua mota ndogo, ufunge kwenye mhimili wake kipande cha chuma kilichoegemea upande mmoja. Mota ikizunguka, uzito ule usiolingana hukitikisa kila kitu kilichoushikilia. Yeyote aliyewahi kusimama karibu na kinu cha kusagia ambacho gurudumu lake limelegea anaijua kanuni hiyo kwa nyayo zake. Mota kubwa hutoa ngurumo nzito, ndogo hutoa mtetemo mwembamba, na kwa kuzichanganya hizo mbili mtunzi wa mchezo huweza kutofautisha mlipuko wa bomu na changarawe chini ya gurudumu.

Asiyeamini thamani ya mtetemo huo na aitazame kesi iliyofuata. Mwaka 2002 kampuni ya Immersion, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1993, iliwashtaki Sony na Microsoft kwa madai kwamba walitumia uvumbuzi wake bila idhini. Microsoft ilipatana nayo mwaka 2003. Sony iliendelea kubishana mahakamani, na mwaka 2004 wazee wa baraza wakaamua ilipe dola milioni 82. Kesi ilikuwa ingali katika rufani pale PlayStation 3 ilipoingia sokoni mwaka 2006 ikiwa na kishikio kisichotetema hata kidogo. Wachezaji walilalamika. Walikuwa wamenunua mtambo wenye picha nzuri kuliko yote waliyowahi kuimiliki, na bado wakahisi wamenyang'anywa kitu. Mapatano yalifikiwa Machi 2007, na mtetemo ukarudi.

Tangu hapo ufundi umekuwa wa hali ya juu zaidi. Mwaka 2017 Nintendo Switch ilikuja na mitetemo iliyopimwa kwa ustadi hata mchezaji aweze kukadiria ni gololi ngapi zinazobiringika ndani ya sanduku ambalo halipo. Katika kukitangaza kifaa hicho, Nintendo ilijigamba kwamba mtu angehisi vipande vya barafu vikidondoka mmoja mmoja ndani ya bilauri. Mwaka 2020 kishikio cha PlayStation 5 kikapewa vifyatuo vinavyokaza, hivyo kwamba kuvuta upinde kwenye kioo hukuchosha kidole. Lakini hebu irejee ile bilauri ya barafu. Mkono ulihesabu vipande vyote, wala haukuhisi baridi hata chembe.

Hapo ndipo wahandisi wengine walipoanza kukuna vichwa.

Chombo cha kuzalisha joto na baridi kipo tangu zamani. Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier, aliyekuwa fundi wa saa kabla ya kujitosa katika sayansi, aligundua kwamba mkondo wa umeme ukipita mahali palipounganishwa metali mbili tofauti, huenda kiungo hicho kikapata moto au kikapoa, kulingana na uelekeo wa mkondo. Ukiugeuza mkondo, moto hugeuka baridi. Siku hizi kanuni hiyo imetiwa katika vigae vyembamba vinavyotumiwa, mathalan, katika visanduku vidogo vya kupozea vinywaji. Mwaka 2014 watafiti wa taasisi ya KAIST, Korea Kusini, walitangaza kigae kinachokunjika, kilichojengwa juu ya kitambaa cha nyuzi za kioo, na kampuni iliyotokana na kazi hiyo ikaelekeza macho kwenye vifaa vya michezo. Kigae kinachokunjika chaweza kukumbatia kishikio, au kushonwa ndani ya glavu.

Mambo yangekuwa mepesi kama kigae hicho kingeumba baridi. Hakiumbi. Hulihamisha joto kutoka upande mmoja hadi wa pili, kama baharia anavyokumba maji ndani ya chombo, na maji hayo sharti yamwagwe mahali. Kidole kikipozwa, mgongo wa kigae hupata moto, na moto huo usipoondolewa utarudi kule ulikotoka. Ndiposa vifaa vya namna hii huhitaji mapezi ya chuma, vifeni, na umeme mwingi kuliko betri ndogo inavyomudu. Zaidi ya hayo kuna suala la kasi. Ngozi ya kidole husikia vyema kabisa mtetemo unaojirudia mara 200 hadi 300 kwa sekunde moja. Joto haliendi kwa mwendo huo. Sharti lipenye ngozi kwanza, kisha lisafiri katika neva nyembamba zilizo za pole kuliko zile za baridi. Mchezaji anaweza kuwa amekwisha kulipita lile jengo linaloungua, yuko mtaa wa pili, ndipo mkono wake upate habari.

Tatizo kubwa kuliko hayo yote, hata hivyo, limo ndani ya ngozi yenyewe, na hapa namwomba mwalimu asikilize, kwa maana jaribio lake halihitaji umeme wala fedha. Tafuta makarai 3. La kwanza tia maji ya baridi, la pili maji ya uvuguvugu, la tatu maji moto yanayostahimilika. Mwanafunzi atie mkono mmoja katika la kwanza na mwingine katika la tatu kwa dakika moja hivi, kisha aitumbukize yote miwili katika lile la uvuguvugu. Mkono mmoja utamwambia maji haya ni ya moto, na mwingine utamwambia ni ya baridi. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliandika juu ya jambo hili mwaka 1690, na hoja yake ni kwamba maji yale yale hayawezi kuwa moto na baridi kwa wakati mmoja, kwa hivyo kinachotofautiana si maji.

Ngozi si kipimajoto. Ngozi ya mkono, ambayo kwa kawaida huwa na halijoto ya nyuzi 32 hivi za Selsiasi, haiambiwi kitu kina joto kiasi gani. Huambiwa joto linaingia au linatoka, na kwa haraka gani. Asubuhi ya Julai kule Limuru, gusa kitasa cha chuma kisha uguse ubao wa mlango huo huo. Vyote viwili vimelala usiku kucha katika hewa moja na vina halijoto moja, lakini chuma kitakuuma vidole kwa kuwa hulinyonya joto lako upesi. Kitu kisichobadilika, ngozi hukizoea ikakisahau. Hivyo mhandisi anayetaka glavu imwambie mchezaji "hapa pana moto" hana budi kuifanya halijoto ipande na kushuka, na kulihifadhi lile badiliko kwa saa anayolihitaji, kama mpishi anavyohifadhi viungo.

Kwa kuwa ngozi hudanganyika, wapo walioamua kuidanganya kwa adabu. Mwaka 1896 mwanasayansi wa Uswidi, Torsten Thunberg, alipanga vipande vya uvuguvugu na vya ubaridi kwa zamu, kimoja baada ya kingine. Hakuna hata kimoja kilichoweza kuunguza, lakini aliyeweka mkono juu ya vyote kwa pamoja alihisi mchomo. Udanganyifu mwingine twaujua jikoni. Katika mwaka ule ule wa 1997, David Julius na wenzake huko California walitambua kijilango kilicho katika neva zetu kinachofunguliwa na joto linalozidi nyuzi 43 hivi, na kumbe ndicho kijilango hicho hicho kinachofunguliwa na ukali wa pilipili. Tunaposema pilipili ni ya moto, basi, hatusemi kwa mafumbo. Neva hazina njia ya kutofautisha. Baadaye yeye na Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, wakakipata, kila mmoja kwa njia yake, kijilango cha baridi kinachoitikia mentoli, na mwaka 2010 kundi la Patapoutian likavipata vile vya mguso wenyewe. Wote wawili walituzwa Nobel mwaka 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, mwaka 2020, waliitumia hila hiyo kwa kumpulizia mchezaji harufu kidogo ya asili ya pilipili alipoingia penye joto, na ya mikalitusi alipoingia penye baridi. Mchezaji alihisi joto na ubaridi bila chumba kubadilika hata uzi mmoja, na kwa umeme kidogo mno.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu na neno lake la uongo.

Tuseme mtengenezaji anamsikiliza, na anataka moto wa kweli. Moto wa kuni waweza kupita nyuzi 600. Ngozi huanza kuhisi maumivu kwenye nyuzi 43 hadi 45. Baina ya mkono ulio salama na mkono unaolia pana nyuzi kumi na kitu pekee, na humo ndimo mshumaa, jua la jangwa, tanuri na volkano vitalazimika kukaa vyote. Wamarekani Moritz na Henriques, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1947, walionyesha kwamba ngozi inayokaa kwenye nyuzi 44 kwa saa 6 hivi huungua, na kwamba kwenye nyuzi 60 sekunde 5 zatosha. Ile tarakimu ya kwanza ndiyo inayonitisha. Nyuzi 44 si kitu cha kumfanya mtu aruke, na sote twawajua vijana wanaoweza kucheza saa 6 bila kuinuka. Fauka ya hayo, ngozi ya mtoto ni nyembamba kuliko ya mtu mzima.

Jambo hili limewahi kujaribiwa hadharani. Mwaka 2001 wasanii wawili wa Ujerumani, Volker Morawe na Tilman Reiff, waliunda meza ya mchezo waliyoiita PainStation. Wachezaji wawili hupigiana mpira kwenye kioo kwa mkono wa kulia, huku wa kushoto umelala juu ya bamba. Anayekosa mpira huchomwa kwa joto, hupigwa na umeme, au huchapwa na kijimjeledi. Anayeondoa mkono ameshindwa. Nakala moja imewekwa katika jumba la makumbusho ya michezo ya tarakilishi mjini Berlin. Siwalaumu wasanii wale; walikuwa wanawauliza watu wazima swali, nalo ni swali zuri. Ila itazame ile kanuni yao ya mwisho. Mkono uko huru kuondoka, lakini kuondoka ndiko kushindwa. Mpe mvulana wa miaka 14 kanuni hiyo, umweke mbele ya wenzake watano, kisha uniambie kama yuko huru.

Kwa hivyo nasema, na wanaotaka kunipinga wanipinge, kwamba kifaa cha kuchezea kisichowahi kumwadhibu mtoto kwa maumivu ndicho pekee kinachofaa kuuzwa kwa mtoto. Kikomo cha joto kitiwe ndani ya waya, katika fyuzi inayokatika yenyewe, wala kisiachwe katika programu, kwa sababu programu huandikwa na mtu aliyechoka saa nane za usiku. Na mtoto aweze kulizima joto wakati wowote asipoteze hata alama moja. Nchi zitakazoagiza vifaa hivi, yetu ikiwemo, zina haki ya kuyauliza hayo bandarini kabla ya kasha kufunguliwa.

Mpwa wangu alinijibu kwamba nawalea watoto katika pamba, na kwamba anayepita motoni bila kuhisi lolote hufundishwa kutouogopa moto. Hoja hiyo ina uzito, sikatai. Lakini alikwisha kusahau kalongolongo. Katika kalongolongo watoto hupika ugali wa udongo juu ya mafiga 3, na moto wake ni maua mekundu yaliyochumwa uani. Niliwahi kumwona msichana wa miaka 5 akiupuliza moto huo, akafunga macho kwa moshi usiokuwapo, kisha alipoigusa sufuria akaurudisha mkono upesi na kuutia mdomoni. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemwambia kwamba mchezo wake ni uongo. Joto kidogo la uvuguvugu kiganjani, likija pamoja na picha na sauti, latosha kabisa. Mengine mtoto ataleta mwenyewe.

Ikiwa tunataka joto la kweli lipite katika waya, mahali pake papo, na si sebuleni. Katika taasisi ya teknolojia ya Lausanne, Uswisi, watafiti waligundua kwamba baadhi ya watu waliokatwa mkono, wakiguswa kwa kitu cha joto au baridi mahali fulani kwenye kile kigutu kilichobaki, huhisi joto hilo kwenye vidole ambavyo havipo tena. Mwaka 2024 walieleza habari za mwanamume wa miaka 57 aliyeongezewa katika mkono wake wa bandia kihisio kwenye kidole na kigae kidogo kwenye kigutu. Alipewa chupa 3 zinazofanana, moja ya maji baridi, moja ya maji ya kawaida, moja ya maji moto. Bila kifaa alibahatisha tu. Kikiwashwa, hakukosea hata mara moja. Aliweza pia, vyema kuliko awali, kutambua kama anaugusa mkono wa mtu au mkono wa plastiki.

Nilimsomea kijana habari hiyo kwenye simu. Alinyamaza kidogo, akakiangalia kile kishikio zuliani, kisha akauliza kama yule mzee naye anaweza kulizima.